Furaha ya Kweli Inapimwa kwa Ngazi Gani?

Kila inapokaribia tarehe 20 Machi, Siku ya Kimataifa ya Furaha, hutolewa orodha ya nchi zilizopangwa kwa furaha ya watu wake, na kila ikitoka huzua ubishi uleule. Finland imekaa kileleni mwaka baada ya mwaka tangu 2018. Tanzania, katika ripoti ya 2017, ilikuwa ya 153 kati ya nchi 155. Mwaka uliofuata ikawa ya 153 kati ya 156. Burundi ndiyo iliyoshika mkia mwaka huo wa 2018. Rwanda ilikuwa ya 151, Uganda ya 135, Kenya ya 124. Na Somalia, iliyokaa miaka mingi bila serikali imara, ilikuwa ya 98, juu ya nchi zote hizo tano.

Msomaji ana haki ya kuchanganyikiwa. Nchi isiyo na vita kama Tanzania, yenye watu wanaokaa barazani jioni wakipiga soga, harusi zinazokusanya mtaa mzima, misiba isiyomwacha mfiwa peke yake, imekuwaje ikapangwa miongoni mwa nchi zenye watu wasio na furaha kuliko karibu wote duniani? Wapo wanaojibu kwamba hizo ni takwimu za wageni na hazituhusu. Wapo wanaojibu kwamba huo ndio ukweli wenyewe: maisha yamekaba, na kicheko chetu ni adabu tu. Pande zote mbili zinateleza mahali pamoja. Zinadhani watu waliulizwa kama wana furaha.

Hawakuulizwa hivyo. Ukishalijua swali lililoulizwa, ubishi wa nafasi ya 153 unapungua makali, na linabaki swali kubwa zaidi: furaha ya kweli ni nini, na je, inafasilika?

Swali lililo nyuma ya orodha

Mwezi Julai 2011 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa hoja iliyoletwa na Bhutan, lilipitisha azimio namba 65/309 lililozialika nchi wanachama kuitazama furaha ya watu kama sehemu ya maendeleo. Mwaka 2012 ikatoka Ripoti ya Furaha Duniani ya kwanza. Nafasi za nchi hutokana na utafiti wa kampuni ya Gallup, ambayo kwa kawaida huhoji watu wapatao 1,000 kwa kila nchi kwa mwaka, kisha wastani wa miaka mitatu ndio unaopanga orodha.

Anachofanya mdadisi ni kumwomba mhojiwa afikirie ngazi yenye vipandio vilivyohesabiwa, 0 chini kabisa na 10 juu kabisa. Juu ni maisha bora kuliko yote yanayowezekana kwake. Chini ni mabaya kuliko yote. Kisha anamuuliza yuko kipandio kipi sasa. Ngazi hii ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani Hadley Cantril, aliyeieleza katika kitabu chake cha 1965. Katika swali hilo furaha haitajwi hata mara moja.

Tumchukue mama muuza samaki wa kukaanga. Mdadisi amemkuta saa nne asubuhi, mafuta yameshachemka, wateja wawili wanasubiri. Wamesalimiana, na mama amesema hajambo, anamshukuru Mungu. Shukrani hiyo ni ya kweli: ameamka salama, watoto wamekwenda shule, biashara imefunguliwa. Sasa anaambiwa afikirie kilele cha ngazi. Anakiona vizuri: nyumba ya tofali yake mwenyewe, mtoto aliyemaliza chuo akapata kazi, matibabu yasiyomlazimu kuuza chombo cha ndani. Anajipima na kilele hicho na kusema yuko kipandio cha tatu. Mdadisi anaandika 3, mama anarudi kwenye karai lake na kutaniana na wateja. Hakuna alipodanganya. Shukrani ilijibu swali moja, tatu imejibu jingine. Wastani wa Tanzania katika ripoti ya 2018 ulikuwa takribani 3.3, na wa Finland 7.6.

Hapo pia ndipo panapoeleweka suala la Somalia. Kilele cha ngazi kila mtu anakichora mwenyewe, kwa rangi za yale aliyoyaona na aliyoahidiwa. Kwa aliyepita katika miaka iliyofuata kuanguka kwa dola mwaka 1991, barabara iliyofunguka na soko linalouza mpaka jioni ni kupanda vipandio kadhaa. Kwa Mtanzania aliyesikia kampeni ya 2005 ikinadi maisha bora kwa kila Mtanzania, na ambaye sasa anaona katika simu yake jinsi wengine wanavyoishi, kilele kimesogea mbali. Ripoti ya 2017 ilitenga sura nzima kwa Afrika, na hoja yake kuu ilikuwa inafanana na hii: matumaini makubwa ya wakati wa uhuru bado hayajatimizwa, na kungoja huko kunajionyesha katika majibu ya watu. Naona maelezo haya yana nguvu kuliko yale ya kudai kwamba takwimu zimepikwa.

Kuna kosa jingine linalorudiwa sana. Ripoti hutaja mambo sita: pato la mtu mmojammoja, msaada wa ndugu na marafiki, miaka ya kuishi kwa afya, uhuru wa kujiamulia, ukarimu, na jinsi watu wanavyouona ufisadi. Wengi hudhani alama ya nchi ni jumla ya mambo hayo. Sivyo. Alama ni kipandio kilichotajwa na wahojiwa basi. Yale sita huletwa baadaye kujaribu kueleza kwa nini nchi moja imetaja kipandio cha juu kuliko nyingine.

Kipimo chenyewe ni chepesi kutikisika. Mwanauchumi Angus Deaton, alipochambua majibu ya Wamarekani baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, alikuta kwamba waliotangulia kuulizwa kuhusu siasa na mwelekeo wa nchi walijiweka kipandio cha chini kuliko ambao hawakuulizwa. Maisha yao hayakubadilika katika dakika ile. Kilichobadilika ni mpangilio wa dodoso.

Msimamo wa kwanza: furaha ni hisia

Wa kwanza kati ya misimamo mitatu inayoshindana unasema furaha ni kile unachokihisi. Raha ikizidi maumivu, una furaha. Epicurus, Mgiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, husingiziwa kuwa baba wa anasa. Kwa hakika alifundisha kwamba raha iliyo kuu ni mwili kutouma na moyo kutosumbuka, na kwamba mkate na maji humridhisha sana aliye na njaa. Mwaka 1789 Jeremy Bentham aliigeuza hoja hii kuwa kanuni ya kutungia sheria: kila raha ipimwe kwa ukali wake, muda wake, uhakika wake na idadi ya watu inaowafikia, kisha sheria ichague palipo na jumla kubwa.

Msimamo huu una heshima yake, na wanaoudharau kwa kawaida hawaumwi. Mtu mwenye maumivu ya jino usiku kucha hahitaji mwanafalsafa wa kumwambia kama ana furaha. Hisia humlinda mnyonge dhidi ya mtawala anayetaka kumweleza kwamba ana raha wakati yeye mwenyewe anajua anavyoteseka. Na zinaulizika. Gallup hiyohiyo huwauliza watu kama jana walicheka, walipumzika vya kutosha, walikuwa na wasiwasi au huzuni. Hapo orodha hubadilika sura: Paraguay, ambayo kwenye ngazi haimo katika kundi la juu, imewahi kuongoza dunia mara kadhaa kwa hisia njema za kila siku.

Udhaifu wake ni mzito vilevile. Kwanza, hisia ya saa ile na kumbukumbu ya baadaye haziafikiani. Mwaka 1996 watafiti Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walitoa matokeo ya wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa utumbo mpana, wakitaja maumivu yao dakika kwa dakika. Walipoulizwa baadaye, kumbukumbu zao zilifuata zaidi kilele cha maumivu na namna uchunguzi ulivyoishia. Muda uliotumika haukuwa na uzito mkubwa. Mtu aliyeumia muda mrefu lakini akamaliza kwa nafuu angeweza kukumbuka hali afadhali kuliko aliyeumia muda mfupi. Basi yupi aulizwe kuhusu furaha, yule anayepita katika jambo au yule anayelisimulia?

Pili ni swali la mwanafalsafa Robert Nozick katika kitabu chake cha 1974: ingekuwapo mashine ya kukupa kila hisia tamu unayoitaka, ukiwa umelala na nyaya kichwani, ungekubali kuunganishwa maisha yako yote? Wengi husema hapana. Sisi wa pwani hatuhitaji mashine ya kubuni. Heroini imeingia Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, na aliyeivuta hupata raha ambayo hakuna chakula wala muziki unaoifikia. Hakuna mzazi katika miji hiyo anayemwita mwanawe huyo mwenye furaha. Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa watumiaji wenyewe. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayeamka kila asubuhi, akapanda daladala, akapanga foleni ili anywe dawa isiyompa ule ulevi, ameyaacha yale makali ya raha kwa hiari yake ili ayapate maisha ya kawaida: kazi, usingizi, kuaminiwa tena nyumbani. Kama furaha ingekuwa hisia peke yake, uamuzi wake ungekuwa wa kipumbavu. Sote tunajua ni wa busara.

John Stuart Mill aliliona tatizo hili mwaka 1861 akajaribu kulitibu kwa kusema raha zina daraja, nyingine ni bora hata kama si nyingi. Kwa kusema hivyo alikuwa ameshavuka mpaka. Anayechagua raha iliyo bora hatumii tena hisia kama mizani, anatumia uamuzi.

Msimamo wa pili: furaha ni kuridhika

Msimamo wa pili unampa mtu mwenyewe uamuzi huo. Furaha ni mtu kuyatazama maisha yake na kuyakubali. Mwanasaikolojia Ed Diener, kwa makala yake ya 1984, ndiye aliyeufanya kuwa tawi la sayansi, na ngazi ya Cantril imo katika ukoo huo. Kwetu msimamo huu ni wa siku nyingi. Anayesema kidogo si haba anasema kwamba kipimo cha kutosha kimo moyoni mwake.

Uzuri wake ni kwamba haumlazimishi mtu maisha ya mwingine. Mvuvi, mtawa, mfanyabiashara na mwalimu wa kijijini wanaweza wote kuwa na furaha bila kufanana. Hakuna kamati inayowapima. Lakini ukiuchunguza kwa karibu unakuta mianya miwili.

Wa kwanza ni mazoea na kujilinganisha. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walilinganisha washindi 22 wa bahati nasibu, watu 29 waliopooza kwa ajali, na kundi la watu wa kawaida. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi ya watu wa kawaida, na waliopooza, ingawa walikuwa chini, hawakuwa chini kama ambavyo mtu angetarajia. Idadi yenyewe ni ndogo, na tafiti za baadaye zimepunguza nguvu ya hitimisho hilo, hasa kuhusu ulemavu mkubwa. Hata hivyo jambo la msingi limebaki, kwamba moyo huzoea.

Kuhusu kujilinganisha, mfano wenye uzito zaidi kwetu unatoka Rarieda, kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2011 na 2012 shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini pesa bila masharti kupitia M-Pesa. Kaya zilichaguliwa kwa kura, na kiasi cha pesa pia, hivyo watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakaweza kuwalinganisha waliopata na wasiopata kwa haki. Waliopata waliongezeka furaha na kuridhika, na msongo ukapungua. Lakini uchambuzi mwingine wa data hiyohiyo ulionyesha upande wa pili: pale majirani walipopata zaidi, kuridhika kwa mtu na maisha yake kulishuka, na mshuko huo ulikuwa mkubwa kuliko faida ya yeye mwenyewe kupata kiasi kama hicho. Kadiri miezi ilivyopita, faida na hasara zote zilififia.

Matokeo haya yanastahili kukaliwa kidogo. Wapo watakaosema yanathibitisha husuda ya Mwafrika, na huo utakuwa uvivu wa kufikiri, kwa maana tafiti za Ulaya na Marekani nazo zimekuta watu wakijipima kwa kipato cha majirani. Ninachokisoma Rarieda ni hiki: nyumba ya nyasi iliyomtosha mtu jana haimtoshi leo baada ya jirani kuezeka bati, ingawa mvua haijabadilika na paa lake ni lilelile. Kuridhika, basi, ni jibu kuhusu maisha na vilevile kuhusu mtaa. Ukikufanya kuridhika kuwa fasili ya furaha, itabidi ukubali kwamba furaha ya mtu inaweza kupungua bila chochote katika maisha yake kuharibika.

Mwanya wa pili ni mzito zaidi, na aliyeuonyesha vizuri ni mwanauchumi Amartya Sen. Aliyenyimwa muda mrefu hujifunza kutamani kidogo. Mtumishi wa ndani anayelipwa kiduchu na kulala jikoni, mke aliyezoeshwa kwamba kipigo ni sehemu ya ndoa, mfungwa wa deni, kila mmoja anaweza kusema ameridhika na akawa anasema kweli. Amepunguza matamanio yake mpaka yakatosha ndani ya chumba alichopewa. Tukilichukua jibu lake kama ushahidi wa furaha tutakuwa tumempa tajiri wake hati ya kuendelea.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo kwangu ni kitovu cha mjadala mzima: kinaa na kukata tamaa. Kwa nje zinafanana sana. Mwenye kinaa na aliyekata tamaa wote husema namshukuru Mungu, wote hawalalamiki, wote wakiwekwa mbele ya dodoso la kuridhika wanaweza kutaja namba moja. Lakini mwenye kinaa ameuona mlango na kuamua kubaki, na aliyekata tamaa ameacha kutafuta mlango. Kipimo chochote kisichoweza kuwatenganisha watu hawa wawili hakijaigusa furaha ya kweli.

Msimamo wa tatu: furaha ni kuishi vema

Msimamo wa tatu unasema furaha haipimwi kwa kuuliza moyo tu. Ni namna ya kuishi. Kwa Aristotle, furaha ni shughuli: nafsi ikifanya kazi yake kwa ubora, katika maisha yaliyokamilika, pamoja na marafiki, afya na mali ya kiasi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye jina lake ni la kawaida katika darasa za misikiti ya pwani, aliandika kwa Kiajemi kitabu juu ya kemia ya furaha. Kwake njia inaanzia katika kuijua nafsi na kumjua Mungu, na mwenye kuitafuta furaha katika mali anatafuta mahali isipowekwa.

Ushairi wa Kiswahili umeibeba hoja hii kwa nguvu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake mbele ya magofu ya mji wa Pate: majumba ya matajiri yaliyojaa taa, watumishi na vyombo vya China, sasa makao ya popo. Pate kweli ilitajirika kwa biashara ya bahari na kweli ikaanguka, na mshairi anaitumia historia hiyo kama hoja: raha inayotegemea kitu kinachoweza kubomoka ilikuwa na nyufa tangu siku ya kwanza. Shaaban Robert naye, katika Utubora Mkulima kilichotoka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, anamtoa mhusika wake katika kazi ya mjini na kumpeleka shamba, akidai kwamba kazi ya mikono na utu wema vina malipo ambayo mshahara hauyafikii.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unaweza kusema neno ambalo ile miwili ya kwanza haiwezi kulisema: umedanganyika. Unaweza kumwambia aliyeridhika na unyonge kwamba anastahili zaidi, na tajiri aliyeshiba kwamba bado hajaanza kuishi.

Hatari yake imo mlemle. Nani anaamua maisha mema ni yapi? Aristotle aliyeandika kwa uzuri juu ya furaha ndiye aliyetetea utumwa, na mtumwa kwake hakuwa na sehemu katika furaha hiyo. Utajiri wa Pate unaoombolezwa ulijengwa kwa sehemu na mikono ya watumwa, na magofu hayatuambii wao walijihesabu wapi. Na Bhutan, iliyoupa ulimwengu wazo la furaha ya taifa, inatupa mfano wa kisasa. Mfalme Jigme Singye Wangchuck alianza kulisema miaka ya 1970, na katiba ya 2008 ikaliweka kuwa wajibu wa serikali. Kipimo chao kina nyanja tisa na viashiria 33, kuanzia afya na elimu mpaka matumizi ya muda na uhai wa utamaduni, na nakikubali kuwa ni kazi makini kuliko ngazi ya swali moja. Lakini katika miaka ya mwanzo ya 1990 zaidi ya watu 100,000 wa kusini, Walhotshampa wenye asili ya Nepali, walijikuta wakimbizi katika kambi za Nepal, baada ya sera za utamaduni mmoja, vazi moja na lugha moja kuwabana. Serikali ikishajua maisha mema yana sura gani, asiye na sura hiyo huwa yuko mashakani.

Kuhusu fedha, kwa ufupi

Mjadala wa fedha na furaha umekula karatasi nyingi kuliko unavyostahili. Mwaka 1974 mwanauchumi Richard Easterlin alionyesha kwamba ndani ya nchi moja matajiri huwa na furaha kuliko maskini, lakini Marekani ilivyozidi kutajirika furaha ya wastani haikupanda. Mwaka 2010 Kahneman na Deaton walisema hisia za kila siku huko Marekani huacha kupanda kipato kikifika takribani dola 75,000 kwa mwaka, ilhali nafasi kwenye ngazi huendelea kupanda. Matthew Killingsworth, mwaka 2021, akakuta hisia nazo zinaendelea kupanda. Wakakutana yeye na Kahneman, jambo la kupigiwa mfano kati ya wasomi wanaopingana, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa wengi fedha huendelea kusaidia, kwa wachache walio na huzuni zaidi, kuanzia kiwango fulani haisaidii tena. Namba hizo zote ni za huko. Kwa anayeshindwa kununua dawa ya mtoto swali hili lina jibu moja, na Rarieda ilishalitoa.

Kuipima mizani

Je, furaha ya kweli inafasilika? Wanaosema haiwezekani wana hoja: kila mtu na lake, na kila fasili iliyojaribiwa imepatikana na tundu. Lakini kutokuwapo kwa fasili kamili hakumaanishi kwamba kila jambo linaweza kuitwa furaha. Tumeona tayari kwamba tunaweza kuitambua ya bandia: ulevi wa heroini, ridhaa ya aliyekata tamaa, wema wa kulazimishwa kwa amri. Kinachoweza kukataliwa kwa sababu zinazoeleweka kina mipaka, na mipaka hiyo inaweza kusemwa.

Kila msimamo una kitu ambacho hatuwezi kukitupa. Hisia inatulinda dhidi ya anayetaka kutuambia maumivu ni mazuri kwetu. Kuridhika kunalinda haki ya mtu kuwa msemaji wa maisha yake. Wazo la kuishi vema linatulinda dhidi ya udanganyifu, ukiwamo ule tunaojifanyia wenyewe. Na kila moja likiachwa peke yake linaharibika: hisia huwa ulevi, kuridhika huwa unyonge, wema huwa amri. Nikilazimika kutoa fasili, nitasema furaha ya kweli ni ridhaa ya mtu juu ya maisha yake, akiyajua yalivyo, na akiwa na uwezo wa kuyakataa. Ridhaa iwe yake, isitolewe na mwingine kwa niaba yake. Isisimame juu ya uongo. Na mlango wa kutokea uwe wazi, hata kama hatautumia maisha yake yote.

Pingamizi zipo. Mtoto mdogo ana furaha bila kuyajua maisha yake wala kuwa na uwezo wa kuyakataa. Nakubali, fasili hii ni ya watu wazima. Zito zaidi ni la Epictetus, aliyekuwa mtumwa katika dola ya Roma na akafundisha kwamba nafsi iliyo huru haifungwi na minyororo. Je, tumwambie hakuwa na furaha? Siwezi kusema hivyo. Labda alikuwa amejifungulia mlango mmoja ambao bwana wake hakuweza kuufunga, ule wa kukataa kukubali kwamba yeye ni kitu. Lakini alichokipata yeye kwa nguvu za ajabu hakiwezi kuwa sababu ya kuwaacha wengine katika minyororo, na historia ina watu wengi mno waliolitumia fundisho la subira kwa namna hiyo. Pengo hili katika fasili yangu naliacha wazi, kwa kuwa kuliziba kwa maneno kungekuwa kuidhulumu mojawapo ya pande mbili.

Lipo swali moja linalosaidia kuwatenga mwenye kinaa na aliyekata tamaa, na halihitaji falsafa: ungependa mwanao aishi maisha hayahaya? Mkulima anayeridhika na shamba lake na kumfundisha mwanawe kulipenda anasema jambo moja. Mama muuza samaki anayesema ameridhika huku akiweka kila senti ili binti yake asije kukaa mbele ya karai anasema jingine. Huyu wa pili si mnafiki. Ameyakubali maisha yake kwa ajili yake, na ameyakataa kwa anayempenda. Ngazi haioni hilo.

Serikali na furaha ya watu

Mwaka 2016 Falme za Kiarabu ziliteua waziri wa furaha, na wengine wamevutiwa na mfano huo. Mimi nina wasiwasi nao. Kipandio kinachotajwa na wananchi kinaweza kupandishwa kwa njia mbili, kuyainua maisha au kukishusha kilele, na ya pili ni rahisi zaidi kwa serikali yoyote: wahimize watu washukuru, wakemee wanaolalamika, wapunguzie habari za jinsi wengine wanavyoishi. Alama itapanda na hakuna kilichopona. Upande mwingine, kuacha kupima kabisa ni kurudi kwenye pato la taifa peke yake, ambalo linaweza kukua wakati watu wanazama.

Finland yenyewe inafundisha njia ya tatu, na si ile inayosifiwa katika magazeti. Miaka ya 1980 ilikuwa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye watu wengi wanaojiua. Kati ya 1986 na 1996 iliendesha mpango wa kitaifa wa kuzuia vifo hivyo, na mwanzoni kabisa watafiti walichunguza kila kifo cha kujiua kilichotokea ndani ya miezi kumi na miwili, jumla 1,397, wakizungumza na familia na wahudumu wa afya ili kujua mtu alipita wapi na nani aliweza kumsaidia. Kutoka kilele cha mwaka 1990 kiwango kimeshuka kwa zaidi ya nusu. Hawakuanza kwa kufasili furaha. Walianza kwa kuwaendea walioteseka zaidi na kuuliza kwa nini.

Kwetu kazi kama hiyo inaweza kuanza na dodoso ambalo tayari wadadisi wa serikali hulipeleka katika kaya, likihesabu bati, choo, redio na ng'ombe. Liongezwe maswali matatu. Jana uliumwa au kusumbuliwa na nini? Yaliyo magumu katika maisha yako, ungeyaacha kama ungeweza, na kinachokuzuia ni nini? Na lile la mtoto. Majibu yasijumlishwe kuwa namba moja ya kushindana na majirani. Yachapishwe wilaya kwa wilaya kama yalivyotolewa, ili mtu wa Kigoma au wa Kilifi aweze kuyashika na kumuuliza diwani wake kuhusu kile kilichotajwa zaidi kama kizuizi.